"Baba, nimekosa nini?" Tunawafundishaje watoto kujitolea kwa jamii wakati ufagio tumeugeuza adhabu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, siku ya usafi, nilimwamsha kijana wangu wa miaka 8 saa 12 na nusu asubuhi. Nikampa ufagio wa chelewa, mimi nikabeba koleo, nikamwambia twende tukasafishe mtaro wa hapa mtaani kwetu Dar. Akasimama mlangoni, akaniangalia, akauliza: "Baba, nimekosa nini?"

Nilimwambia hajakosa kitu, twende tu. Alikuja na alifagia, lakini kila mtoto mwenzake alipopita barabarani alikuwa anainamisha uso. Usiku nilipokaa naye taratibu ndipo akanieleza. Shuleni kwao ufagio una maana moja. Aliyechelewa namba anafagia uwanja. Aliyepiga kelele anadeki darasa. Mwenye kosa kubwa anapelekwa kusafisha vyoo, wenzake wanapita wanamcheka. Yaani mwanangu ana miaka 8 na tayari anajua kwamba kazi ya kuwafaa watu wengi humwangukia mkosaji.

Limeniuma, kwa sababu mimi sikulelewa hivyo.

Nimezaliwa Upareni, milima ya Same. Waliotoka kule wanaijua ndiva. Kwa wasioijua: ni bwawa dogo walilochimba mababu mlimani, lina ukuta wa mawe na udongo. Usiku maji ya kijito yanaingia na kujaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Tope likijaa, ndiva inabeba maji kidogo, na mkulima wa mwisho chini kabisa harambi hata tone. Kwa hiyo kuna msaragambo. Mbiu inapigwa, kesho yake kila kaya inatoa mtu wa kwenda kuzibua. Asiyetokea anatozwa faini, na haijalishi ni nani.

Sisi watoto hatukuhesabiwa kwenye faini wala hatukutakiwa kwenda. Tulikwenda kwa sababu watu wote walikuwa kule. Kazi yetu ilikuwa kubeba maji ya kunywa, kukusanya vijiwe vya kuziba matundu na kupitisha makarai matupu. Hakuna mzee aliyetusimamisha mstarini kutuhubiria umuhimu wa jamii. Ila wiki iliyofuata maji yalifika kwenye maharage ya mama, na mimi nikaketi pale nikiyatazama yakiingia tuta kwa tuta. Nilikuwa na miaka 7 au 8. Nilijua kabisa kwamba yale maji nimeyaleta na mimi.

Nikilinganisha yule mtoto wa kwenye ndiva na huyu wangu aliyeona haya kushika ufagio, naona tofauti haiko kwenye tabia zao. Iko kwenye namna sisi wakubwa tulivyowakutanisha na hiyo kazi.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakusema tu shule ziwe na mashamba. Alisisitiza pia wanafunzi washiriki kupanga na waone faida ya jasho lao. Shule nyingi zilichukua jembe, hilo la pili zikaliacha.

Naomba mawazo yenu, hasa walimu na wazazi. Mtoto aanze lini, afanye nini, na tunamwondoleaje hii picha kwamba kuhudumia watu ni kuadhibiwa?

Mwalimu, shule ya msingi ya serikali

Mkuu, umenigusa, na sitajitetea sana.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Shule haina mtu wa usafi wa kulipwa. Watoto wasipofagia, hakuna wa kufagia. Hadi hapo sioni kosa, watoto kusafisha mahali wanapokaa ni jambo la kawaida. Wajapani wanafanya hivyo kila siku, wanafunzi wanadeki madarasa na korido wenyewe, na hakuna anayehisi kaonewa kwa sababu kila mmoja yumo.

Tulipoharibu ni pale tulipochanganya zamu na adhabu. Mtu akichelewa unampa nini? Fimbo hutaki, kumrudisha nyumbani hutaki, unaona ufagio uko pale, unampa. Ni njia rahisi kwa mwalimu aliyechoka. Nimefanya hivyo miaka mingi.

Mwaka juzi nilianza kubadilisha kwenye darasa langu peke yake. Zamu ni ya mstari mzima wa madawati, wiki moja moja, na mimi nina wiki yangu, nashika dekio kama wao. Siku ya kwanza walinikimbilia kuninyang'anya: "Mwalimu, acha, acha tufanye sisi." Niligoma. Aliyechelewa sasa anakaa nami dakika 15 baada ya vipindi, tunafidia alichokosa. Vyoo ni mapambano bado. Bila maji na gilavu siwezi kumwambia mtoto aingie kule kwa moyo, na maji yetu yanatoka siku mbili kwa wiki.

Kwa hiyo ndugu mzazi, ukija kikao cha shule, mkichangia kitu, changieni simtanki na gilavu kabla ya kuchangia rangi ya geti.

Mama wa watatu, Mwanza

Mimi mnisamehe, siungi mkono moja kwa moja.

Binti yangu wa kwanza aliposoma la nne, alikuwa anarudi nyumbani mabega yamechubuka. Kumbe wanatumwa kuchota maji kisimani kwenda nyumbani kwa walimu, na msimu wa mvua wanapalilia mashamba ya watu binafsi halafu fedha haijulikani inakwenda wapi. Tulipouliza tuliambiwa ni elimu ya kujitegemea, tunawafundisha kupenda kazi. Nilimhamisha.

Sasa ninyi mkianza tena habari za watoto kujitolea, mimi nasikia kile kile kwa jina jipya. Nani atamlinda mtoto asiyeweza kukataa? Mtu mzima anajitolea kwa hiari yake. Mtoto wa miaka 8 ana hiari gani mbele ya baba yake au mwalimu wake?

Mleta mada

Mama, nakushukuru kwa kusema wazi. Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu.

Yaliyomkuta binti yako yana jina kwenye sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi ya kinyonyaji, na hata kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, tena isiyodhuru afya wala kumzuia kusoma. Kumbebesha mtoto ndoo kwenda nyumbani kwa mtu kumesimama nje ya sheria hiyo, hata kama aliyetuma ana chaki mkononi.

Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 15, ina wajibu wa mtoto: kuheshimu na kusaidia wazazi na wazee wanapohitaji, kuitumikia jamii na taifa lake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao una ibara ya 31 inayosema mambo yanayofanana, kwa kuzingatia umri na uwezo wake. Ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 hauna ibara ya namna hiyo. Nadhani waliotuandikia wa kwetu walikuwa wanajua nyumba za Kiafrika zinavyoishi.

Kwa hiyo mimi najiuliza maswali matatu kabla ya kumpa mtoto kazi. Nani anafaidika, ni watu wote au ni mtu mmoja mwenye mamlaka juu yake? Je, mimi mkubwa niko pale, nimeshika kifaa kama yeye? Na akisema hapana leo, kutatokea nini? Kwenye ndiva mtoto aliyechoka alikaa chini ya mti, na hakuna aliyemsema. Kwa binti yako, majibu yote matatu ni mabaya.

La hiari sina jibu zima. Watoto hawachagui kupiga mswaki wala kusalimia wakubwa, tunawazoesha. Naamini kuwajali wengine ni kama kusalimia. Ila umenifanya nimwombe radhi kijana wangu, kwa sababu ile Jumamosi sikumuuliza wala sikumweleza. Nilimwamsha na kumkabidhi ufagio, kama wanavyofanya shuleni.

Muuguzi, Temeke

Mleta mada, mada yako ni nzuri lakini nina ugomvi na huo mtaro.

Mtoto wa miaka 8 asiingie kwenye mtaro wa Dar. Mle kuna maji ya vyoo, nepi, chupa zilizovunjika, misumari, wakati mwingine sindano. Akijikata kuna hatari ya pepopunda. Akikanyaga peku, mabuu ya minyoo ya safura yanapenya kwenye ngozi ya mguu. Halafu ananawa harakaharaka, anakula embe. Acha mtaro kwa wenye buti na gilavu ndefu.

Nitakupa kazi nyingine. Homa ya dengue ilitusumbua Dar mwaka 2014, ikarudi tena 2019. Mbu wake anauma mchana na hazaliani sana kwenye mitaro, anapenda maji masafi yaliyotuama kwenye vyombo: tairi, kopo, kifuu, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, ndoo iliyosahaulika nyuma ya nyumba. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10. Maana yake mtaa ukikagua vyombo mara moja kila wiki, bila kuruka, mbu wengi wanakufa kabla hawajapata mabawa.

Kazi hii inawafaa sana watoto, wana macho ya chini kuliko sisi. Wanaona kopo chini ya kichaka ambalo mimi nimelipita mwaka mzima. Wape siku moja, mkubwa mmoja awaongoze, wapite nyumba kwa nyumba kwa ruhusa, wamwage na kupindua. Na vyombo vinavyobaki kutumika, kama mapipa, mwenye nyumba asugue kuta kwa brashi. Mayai yanaganda ukutani juu ya maji, yanakaa makavu hata miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Kumwaga peke yake hakutoshi.

Mtanga, niko Unguja

Mbona mnatafuta mbali? Mwezi wa Ramadhani unafundisha wenyewe.

Nilipokuwa mdogo, saa 11 jioni kila nyumba mtaani kwetu ilitoa mtoto mwenye bakuli au sinia lililofunikwa kawa. Huyu anapeleka tambi kwa jirani, yule analeta muhogo wa nazi, mwingine kapewa uji wa mtama ampelekee bibi asiye na mtu. Mama alikuwa akiniambia: "Usisubiri chombo, na usiangalie ndani kwao." Maneno hayo mawili nimeyaelewa ukubwani. Usisubiri chombo, maana yake jirani asione aibu akikosa cha kurudisha. Usiangalie ndani, maana yake ukimfikia mtu katika uhitaji wake, mstiri.

Kuna bibi mmoja ambaye nilimpelekea futari miaka minne. Alipofariki nilikuwa na miaka 11, na nililia kuliko wajukuu zake. Hakuna aliyeniambia kwamba ninajitolea. Nilikuwa natumwa tu, na hilo neno "kutumwa" siku hizi watoto wa mjini hawalijui, tunaagiza bodaboda.

Mlezi wa chekechea, Dodoma

Umri wa kuanza: wanaanza kabla hatujawaanzisha. Watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello wa taasisi ya Max Planck, Leipzig, walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 wakimwona mtu mgeni kaangusha kitu na hakifikii, wengi wao humwokotea bila kuombwa. Mwaka 2008 wakafanya jaribio la pili, na hili nawaomba wazazi mlisikie vizuri. Watoto wa miezi 20 waliokuwa wakipewa zawadi kila waliposaidia, baadaye zawadi ilipoondolewa walisaidia kidogo kuliko wale waliosifiwa tu au ambao hawakupewa chochote.

Nilikuwa mtu wa pipi mimi. Okota takataka, chukua pipi. Wakawa wanatupa karatasi chini ili waokote. Niliacha, sasa nawaambia nilichokiona: "Umemsogezea mwenzio kiti, naye amekaa." Inatosha.

Miaka mitatu apange viatu vya wageni. Minne amwagilie mche mmoja, wake, wa kivuli cha watu wote. Msiwape kazi ya kuigiza, watoto wanajua. Ukimpa kitambaa afute meza halafu ukaja kuifuta tena mbele yake, umemwambia kazi yake haina maana.

Mtanzania, Kigali

Huku Rwanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Uko kisheria tangu 2007, na wanaohusika ni wa miaka 18 hadi 65. Watoto hawalazimiki, ila wengi wanafuatana na wazazi. Mimi ninachokithamini zaidi ni kile kikao baada ya kazi. Watu wanakaa chini, wanajadili mambo ya mtaa: nani anaumwa, nyumba gani imebomoka, kazi ijayo iwe ipi. Mwanangu wa miaka 10 anakaa hapo anasikiliza. Siku moja aliniuliza kwa nini yule mzee wa kona hajawahi kuonekana, tukaenda kumjulia hali.

Kwetu nyumbani tunafagia, tunapiga picha, tunatawanyika. Kikao hakuna.

Mchangiaji mpya

Huwa nasoma tu, leo naandika kwa sababu ya hilo neno picha.

Mimi nimekulia kwenye kituo cha kulea watoto. Nitakaa kimya kuhusu jina lake. Tulikuwa tunapokea wageni karibu kila wikendi, hasa Desemba. Wazazi wanakuja na watoto wao waliovaa vizuri, wanashusha unga, sabuni na mafuta, tunapangwa mstari, tunaimba. Kisha wale watoto wanaambiwa mpe mwenzio hii biskuti, tazama kamera. Mtoto wa rika langu ananipa biskuti huku ananiogopa. Sikumbuki jina la hata mmoja wao, na wao hawakuambiwa langu.

Sisemi msije. Ule unga tuliula, ulitusaidia, na Mungu awabariki. Nasema kwamba mtoto wenu siku ile hakujifunza kuhudumia. Alijifunza kwamba duniani kuna watoto wa kutoa na watoto wa kupokea, na yeye yuko upande wa kutoa.

Kuna familia moja ilikuwa tofauti. Walikuja kila mwezi, miaka kama mitatu, mara nyingi bila gari lililojaa. Wale watoto wao wawili walikuwa wanaosha vyombo na sisi, kwa zamu yetu iliyobandikwa ukutani, halafu tunacheza mpira. Mkubwa alikuwa hawezi hesabu za sehemu, mimi nilikuwa naweza. Mama yao akamwambia aniombe nimfundishe. Nilimfundisha mwaka mzima. Leo ni rafiki yangu, na ndiye aliyesimama nami siku ya harusi yangu.

Mkiwaleta watoto wenu, waacheni na wao waombe kitu.

Mama wa watatu, Mwanza

Ndugu yangu uliyekulia kituoni, nimesoma na mume wangu. Desemba huwa tunakwenda. Ile picha ipo sebuleni kwetu. Nitaishusha.

Mleta mada

Wakuu, narudi baada ya wiki tano. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nije na kitu nilichokifanya.

Nilimfuata mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza habari ya vyombo vya maji aliyoileta muuguzi wetu. Akatukubalia tuanze na nyumba 22 za upande wetu, na mjumbe akapita kwanza kuomba ruhusa. Tuna watoto tisa, wa miaka 6 hadi 13, na wakubwa watatu. Kila Jumapili saa 10 jioni, dakika 40. Siku niliyochagua mimi ilikuwa Jumamosi asubuhi, watoto wakakataa kwa sababu wana mpira, wakapanga wao Jumapili. Niliwaachia.

Wiki ya kwanza walihesabu vyombo 61 vyenye maji. Wiki ya pili 38. Wiki ya tatu mvua ilinyesha vikarudi 55, wakasikitika sana, nikaona wengine watakata tamaa. Binti wa miaka 13 akasema bila mvua tusingejua kama tumejifunza kuvitafuta. Wiki hii ni 19. Wanaandika kwa chaki kwenye ukuta wa duka, na mwenye duka amewaachia hapo.

Shuleni tulikwenda wazazi sita na barua. Hatukwenda kugombana. Tuliomba jambo moja: usafi ubaki zamu ya wote, na adhabu itafutiwe njia nyingine. Mwalimu mkuu ametusikiliza, ametuambia ataipeleka kwenye kikao cha walimu. Na tumekubaliana kuchangia gilavu na matangi mawili ya maji kama mwalimu alivyotushauri juu hapo. Majibu bado.

Kuhusu kijana wangu. Nyumba ya tisa kwenye mzunguko wetu anakaa bibi mmoja peke yake, macho yameanza kupungua. Kwake kulikuwa na vyombo saba vya maji ya akiba, ndoo na mapipa, vyote wazi. Wiki ya pili kijana alimfunikia vyote kwa vitambaa na kamba. Wiki ya tatu tulipofika bibi alikuwa ametuwekea kigoda nje, akamwambia: "Mjukuu wangu, nilikuwa nakungoja, ile kamba ya pipa la mwisho imenishinda kufungua." Akaifungua, akaifunga upya kwa fundo jepesi, akamfundisha kulipapasa kwa vidole.

Jumapili iliyopita alikuwa na homa ndogo, nikamwambia apumzike. Akaniuliza nani atakwenda nyumba ya tisa. Nikamjibu wataenda wenzake. Akasema hawajui lile fundo.

Muuguzi, Temeke

Hiyo homa ulimpima?

Mleta mada

Nilimpeleka jioni ile ile, dada. Ilikuwa mafua tu. Njiani tulipitia kwa bibi, akamfungia pipa lake, tukaendelea na safari ya zahanati.